Ufunguo Chini ya Kinu

Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa palepale ulipoachwa, chini ya kinu kilichopasuka nyuma ya jiko. Lakini Judica alipofungua mlango, nyumba ilimwitikia kwa mwangwi.

Cherehani zote mbili hazipo. Sare za watoto wa watu, na shule zinafungua wiki ijayo, hamna hata moja. Runinga, redio, mpaka jiko la gesi. Kwenye meza ya binti yake Dorine palibaki alama ya vumbi mahali ilipokuwa kompyuta.

"Mwizi gani huyu," alisema Judica, amekaa sakafuni na kanga ya safari bado mabegani, "anaiba, halafu anarudisha ufunguo mahali pake?"

Kisha akamgeukia Dorine. "Wewe. Wewe na marubani wako."

Mzazi yeyote angewaza hivyohivyo. Tangu amalize kidato cha nne Dorine alikuwa haambiliki. Kila Jumamosi saa kumi jioni anavaa hedifoni, anajiunga na watu ishirini asiowajua, kila mtu kwenye kompyuta ya kwao, wanarusha ndege za kwenye kioo kwa pamoja. Jumamosi iliyopita walikuwa wanatoka Dar es Salaam kuja kutua Songea. Kiongozi wao, mmoja aitwaye Leo, huita majina kama mwalimu wa zamu. Binti alitaka urubani. Mama alitaka ajifunze kushona, basi.

Na Jumamosi ile ndiyo ilimchosha mama kabisa. Kesho yake alfajiri walikuwa na safari ya Madaba, kipaimara cha mtoto wa dada yake, na nguo hazijapigwa pasi. Dereva wa kuwapeleka hapatikani, maana simu katika nyumba ile hushika mtandao kwenye dirisha la Dorine tu. Ikabidi Judica ajibane kati ya meza na ukuta, apige mara tano ndipo ipokelewe.

Binti, badala ya kumpisha mama yake, alikunja uso. Akaweka kidole mdomoni. Akaifunika maiki kwa kiganja, kisha akakiondoa upesi, maana ndege ilikuwa inashuka na kutua kunataka mikono miwili.

"Mama, jamani, taratibu!"

"Ninyamaze ndani ya nyumba yangu? Kwa ajili ya ndege isiyobeba hata kuku?"

Alifoka mpaka koo likakauka. Madaba walikwenda wamenuniana, wakarudi wamenuniana.

Sasa alitaka jibu. "Uliwaambia unakaa wapi?"

"Hapana, mama. Kwenye kikundi hatutaji makwetu. Ndiyo sheria."

"Hakuna hata mmoja wa hapa Songea?"

Dorine alisita. "Yupo mmoja. Ameingia juzijuzi. Aliniuliza nakaa mtaa gani. Sikumjibu."

"Hukumjibu! Na cherehani zimepaa zenyewe?"

Judica aliamua papo hapo. Polisi baadaye, kwanza mtoto. "Kesho unapanda basi kwenda Namasakata kwa mjomba wako Baltazar. Ukapalilie mikorosho. Habari za ndege ziishie leo, na nisizisikie tena mpaka nife."

Dorine hakulia. Alitoa simu mfukoni, akasogea dirishani kutafuta mtandao.

"Kila safari Leo anairekodi na kuiweka, wenzetu waliokosa waione. Isikilize yote, mama. Ukinisikia nimetaja nyumbani, Namasakata nitakwenda kwa miguu."

"Weka. Leo ndiyo leo."

Judica alikunja mikono kifuani, akatega sikio kama hakimu. Leo aliita majina. Marubani wakaitika mmoja mmoja. Yule mgeni naye akaitika, sauti ya upole tu. Kisha Dorine: "Nauona uwanja. Nashusha magurudumu." Basi. Hakuongeza neno.

"Endelea," alisema Judica. "Lazima lipo."

Ndipo ikapanda sauti nyingine, kali, karibu kabisa na maiki.

"Haloo, dereva! Unanisikia? Mshangano, nyuma ya kanisa la kigango, geti la bluu, ulizia kwa fundi Judica! Saa kumi na moja alfajiri! Ndiyo, wote, nyumba tunaifunga, tunarudi Jumatatu jioni! Haya... Na wewe Dorine, ufunguo unakaa palepale chini ya kinu, usije ukaubeba kama ulivyoubeba Pasaka!"



"Safari njema, mama," ile sauti ya upole ya yule mgeni ikajibu, na wenzake wakacheka.