Gego la Mpiga Zumari

Tabibu Haroub alivaa miwani yake ya mambo mazito, akasimama wima kama anayesoma hotuba, akamsomea Mzee Shaame karatasi ya watafiti: hakuna ushahidi kwamba kung'oa gego la mwisho lisilouma kunasaidia chochote.

"Langu lilikuwa linauma?" aliuliza Mzee Shaame, mpiga zumari, akijifuta mate kwenye mdomo uliokufa ganzi tangu tabibu amng'oe gego lake la mwisho.

"Halikuuma, mzee wangu. Nililing'oa lisije likauma."

"Lakini mdomo utarudi? Ijumaa naoza mjukuu."

"Mwaka wa tatu huu, mzee. Sidhani."

"Basi nipe gego langu."

Tabibu akafungua chupa yalimolala magego ya mji mzima, akachagua moja kwa uangalifu mkubwa, ingawa hakuwa na hakika ni la nani.

Mzee Shaame akatoka uani. Akalitupa juu ya paa, kama wafanyavyo watoto waliong'oka jino, akamwomba kunguru ampe mdomo wa kupulizia. Gego likabiringika juu ya mabati, likamwangukia miguuni.

Akaliokota, akalitupa tena.