Alama Juu ya Kioo cha Saluni

Mama aliyatia matokeo yangu plastiki, akayatundika saluni kwake juu ya kioo, mahali ambapo kila mteja anayesukwa hana budi kuyatazama. Alama mia saba na kumi.

Nilizipika mwenyewe kwenye kompyuta ya shule. Ulikuwa mzaha wa heshima kabisa: mama ashangilie dakika tano, nimwambie ukweli, tucheke. Lakini mama hakushangilia. Alikaa chini akalia kwa furaha, na mimi, bingwa wa kumwaga unga juu ya feni za bweni, nikamletea leso badala ya ukweli.

Alama zangu halisi zilikuwa mia nne na mbili. Chuo cha biashara nilichokitaka hakimpokei mtu chini ya mia sita. Usajili wa kurudia mtihani ulikuwa unafungwa leo saa sita mchana, na fomu ilidai sahihi ya mzazi, kwa hiyo asubuhi niliingia saluni nayo mkononi.

"Ndiye huyu?" mteja aliuliza, kichwa kimesukwa nusu.

"Ndiye kitindamimba wangu. Ukimwona hivi, utadhani hata kuchana nywele hajui."

"Hebu mfundishe na wangu, baba. Ulisomaje?"

Nikamnyooshea mama fomu.

"Mama, nataka kurudia mtihani."

"Urudie nini tena, na alama zote hizo?"

"Hizo nilizichapa mwenyewe."

Mteja aliangua kicheko. Mama, anayenijua, hakucheka. Vidole vyake vilisimama, vimeshika mafungu matatu ya nywele.