Swali la Chuma

Mgonjwa aliruka kitandani kabla dakika ya tatu haijaisha. Hakupiga kelele. Aliuma ukingo wa shuka huku mikono yote miwili ikiikamata nyonga ya kushoto. Séraphine, mtabibu wa viungo, alizima mashine kwa kofi.

"Bi Amony, unasikia nini?"

"Moto. Ndani kabisa. Si kwenye ngozi."

Hasira ilimpanda Séraphine. Mashine ile ya kutibu viungo ilirusha mawimbi yake kwa mapigo, kidogo kidogo, na kwa kipimo alichokiweka, mgonjwa hakupaswa kusikia hata uvuguvugu. Alijua kitu kimoja tu kinachoweza kukusanya moto ndani ya nyama namna ile, nacho ni chuma. Ndiyo sababu kila mgonjwa huulizwa kabla ya kulala: una chuma mwilini? Amony alikuwa ameulizwa mara mbili. Mara zote mbili mumewe ndiye aliyejibu kwamba hana.

Mume huyo, Ocira, alikuwa ameketi kando ya kitanda, mkoba wa mkewe magotini. Alikuwa ofisa wa polisi, mrefu, shati lake limenyooshwa vizuri. Asubuhi hiyo alimleta mkewe kwa gari lake kutoka nyumbani kwao Ntinda, akamshika mkono kwenye ngazi, akainama kumvua viatu. Wauguzi walikwisha anza kumsifu.

"Washa tena, musawo," alisema, akimwita daktari kwa Kiganda. "Huyu anaogopa tu. Bodaboda ilimuangusha, nyonga inauma, basi. Mwezi ujao wakwe wa binti yetu Aloyo wanakuja nyumbani. Sitaki wakute mama yake anachechemea."

"Siwashi, afande, mpaka nione picha ya eksirei."

"Picha ya nini? Nimekuambia hana chuma. Mimi bwana yake, mimi najua."

"Na hili kovu hapa nyongani?"

"Jipu. Lilipasuliwa."

Amony alitazama dari.

Séraphine alikuwa na sababu ya kushupaa. Huko Bukavu, Kongo, kabla hajakimbia vita, alimtibu mzee mmoja aliyesahau kutaja chuma cha pajani. Ngozi ilibaki nzima huku nyama ya chini ikiiva. Mkono uliowasha mashine siku ile ulikuwa wake. Na hapa Kampala alihangaika miaka minne kupata kibali cha kufanya kazi aliyoisomea. Alijua kosa moja tu lingemrudisha kufua nguo za watu Kisenyi.

"Sitaiwasha," alirudia.

Ocira alisimama. "Wewe Mukongo ndiye utanifundisha habari ya mke wangu? Mkubwa wako yuko wapi?"

"Ofisini. Mwite. Naye nitamwambia hivyohivyo."

Walikuwa bado wanatazamana mlinzi alipochungulia mlangoni na kusema kuna gari limeziba lango, ambulensi haiwezi kuingia. Lilikuwa la Ocira. Alitoka akisonya, mkoba wa mkewe kwapani.

"Nikirudi nikute hiyo mashine inafanya kazi."

Séraphine alimgeukia mgonjwa. "Inuka, mama. Chumba cha picha kiko hapo mbele."

Alitarajia mabishano. Lakini Amony alikwisha shuka kitandani, na akamtangulia kwenye ujia akichechemea, miguu mitupu, bila kusubiri viatu.

Picha ilitokea kwenye kioo. Kando ya mfupa wa nyonga palikuwa na kitu cheupe, kifupi, kimechongoka upande mmoja. Hakikuwa parafujo wala bamba la kuungia mfupa. Séraphine alikulia Kivu, penye vita. Hakuhitaji mtu wa kumwambia jina la kitu kile.

"Risasi," alisema, na sasa sauti ikamponyoka. "Una risasi mwilini, umelala kwenye kitanda changu kimya! Unajua ningekupika nyama kwa mikono yangu? Bwana yako anahangaika kukubeba huku na huku, nawe huwezi kufungua mdomo useme jambo moja?"

Amony aliegemea ukuta.

Hapo macho ya Séraphine yakaangukia faili mkononi mwake. Mahali pa kuzaliwa: Kitgum. Akakumbuka yale aliyoyasikia kuhusu kaskazini mwa Uganda, waasi na wasichana waliokokotwa porini, na kambi zilizojaa watu hadi vita vilipokwisha. Kwao Kongo pia aliwajua wanawake waliorudi kutoka porini na mambo ambayo hawakumwambia mama, sembuse mume. Hasira ikamtoka yote, aibu ikabaki mahali pake. Aliweka faili chini, akamshika mwanamke yule mikono yote miwili.

"Nisamehe, mama. Mimi pia nimekimbia vita, naelewa mtu anavyoficha. Nitaandika kwamba mashine haikufai, basi, sababu itabaki kati yetu. Bwana yako hataambiwa kitu." Akashusha sauti. "Walikuwa waasi? Ilikuwa Kitgum, wakati ule wa kambi?"

Nje, mlango wa gari ulibamizwa. Viatu vizito vikaanza kupanda ngazi.

Amony alitazama mlango, kisha akasema harakaharaka, kwa sauti ya chini:

"Vita vilinikosa, mwanangu. Hii niliipata Ntinda, jikoni kwangu, nikimpakulia huyu Baba Aloyo chakula."