Kigelegele cha Mama wa Bi Harusi

Nikaha ilipopita, chumba kizima cha wanawake kilimgeukia Semeni. Kigelegele cha kwanza ni cha mama mzaa bi harusi. Hakuna wa kumtangulia.

Semeni alibana midomo. Alizaliwa na maradhi ya kano legevu, viungo vyake vyote kama vya kuazima. Kigelegele chake cha mwisho kilimtegua taya, akapelekwa hospitali kinywa wazi, kanga usoni.

Bi harusi aliinuka kitandani, bangili zikilia. Akaweka viganja vyenye hina chini ya taya la mama yake, vidole gumba mbele ya masikio, akakaza.

"Mwanangu, hebu keti! Watu wanatutazama."

"Na watazame. Piga, mama. Nimelishika."