Desturi za Mwenyeji

Muhula mzima binti alikula amesimama. Meza ilikuwepo, kiti kilikuwepo, na miguu ilimuuma. Lakini hakuja kusoma nchi ya watu ili awavunjie heshima.

Somo hilo alilipata siku ya kwanza. Alipoingia bwenini na sanduku lake, alimkuta mwenzake wa chumba keshatandika kitanda, kaanika taulo kwenye kiti, kasimama dirishani na sahani, anakula. Akamsalimia. Yule dada akatikisa kichwa tu, shavu limejaa mkate. Binti akaelewa upesi: huku watu hula wima, tena kimya. Moyoni akambandika jina, Mwenyeji.

“Mwangalie, ufanye kama yeye,” mama yake alimwambia kwenye simu. “Usije ukatutia aibu, mwanangu.”

La viatu alibahatisha. Vilikuwa na tope, akaviacha nje ya mlango. Kesho yake akakuta vya Mwenyeji vimepangwa kando ya vyake. Akashusha pumzi, kumbe kapatia. Tangu hapo viatu vililala nje hata mvua iliponyesha, na asubuhi wote wawili walivivaa vimelowa chapachapa, bila kulalamika.

Masomo hayakumpiga chenga. Baridi aliizoea. Kilichomtesa ni ule ukimya. Kwao watu walikula huku wakicheka mpaka wanapaliwa. Hapa alitafuna akimtazama Mwenyeji, Mwenyeji naye akimtazama yeye, kila mtu na sahani yake, kama wanalindana. Akimaliza kula alikwenda bafuni, akafungulia bomba, akalia.

Ijumaa moja mwishoni mwa muhula uvumilivu ulimwishia. Udaktari alioutamani tangu utotoni akauweka kando, akafunga sanduku, akaenda kwa matroni wa bweni kurudisha ufunguo.

“Shikamoo, mama. Narudi nyumbani. Nchi yenu nzuri, ila imenishinda.”

“Marahaba. Na wewe tena?” Matroni alivuta droo, akautupia ufunguo ndani, ukagonga mwingine. “Mwenzako kaleta wake asubuhi. Saa hizi yuko uwanja wa ndege, naye anarudi kwao. Eti kachoka kumuiga mwenyeji niliyempangia chumba kimoja naye: haongei, anakula wima, viatu anavilaza mvuani. Nikamuuliza, mwenyeji yupi?”