Hima na Usingizi wa Darini

Inasimuliwa kwamba kundi la nyuki lilihamia mzinga mpya, ungali unanukia mti mbichi. Malkia alikuwa amejaa mayai, wala hapakuwa na hata kitundu kimoja cha kuyatagia. Lakini nyuki wakubwa walijining'iniza darini, wakashikana miguu kama shanga, wakatulia kimya.

Nyuki mmoja, Hima, aliuchukia uvivu huo. Akashuka sakafuni, akamkuta Mchwa.

"Shikamoo, fundi. Mama yetu anataka kutaga, na wenzangu wamelala."

"Marahaba, binti. Nyumba huanzia chini. Huko juu mnaning'inia nini, kwani ninyi popo?"

Hima akajaribu kujenga palepale. Alijikunja, akajikaza, lakini kwa ubaridi wa sakafu tumbo lake halikutoa hata chembe ya nta. Jioni akapanda darini akilia.

"Dada, nta haitoki, na Mama atayadondosha mayai."

"Shika mguu wangu," dada yake akajibu kwa sauti ya usingizi. "Usiachie."

Akashika. Joto la wenzake likampitia taratibu, taratibu, hata akasinzia. Ndotoni alihisi tumbo likitoa jasho, jasho likiganda kuwa magamba meupe, na wenzake wakiyapokea kwa midomo.

Alipozinduka, sega jeupe lilikuwa limeshuka kutoka darini, na Malkia alikuwa akitaga.

"Haya, mmeanza kujenga?" Mchwa akauliza kutoka chini.

"Bado, fundi," Hima akajibu, macho ameyafumba. "Tungali tumelala."