Taa Yenye Masikio

Kila nyumba yenye kijana anayetibiwa ugonjwa wa akili ilifungiwa taa sebuleni, na taa hiyo ilikuwa na masikio. Ikisikia kimya kirefu au ugomvi hugeuka nyekundu, maana kijana mpweke humezwa na mtandao upesi. Hapo gari la wodi ya wagonjwa wa akili huja kumchukua.

Zawena hakutaka kumpoteza Rukaya, binti yake mwenye sonona. Kutwa nzima alipiga soga mlangoni pa chumba cha binti mpaka koo likamkauka.

"Umekula, mwanangu?"

"Ndiyo mama, nimeshiba."

"Wali haukuungua?"

"Mtamu mama, ahsante."

Taa ilikaa kijani. Siku Zawena alipochoka kabisa, alirekodi maswali na vicheko vyake, akaiegemeza simu mlangoni, akaenda jikoni kunyoosha miguu. Majibu yakaendelea. Simu ikakwama, ikauliza habari za wali mara tatu mfululizo, na mara zote ikajibiwa, "Mtamu mama, ahsante."

Zawena akashtuka. Rukaya hakuwahi kuwa na subira hiyo.

Akausukuma mlango. Wali wa jana ulikuwa umechacha sakafuni. Rukaya alikuwa ameinamia skrini, visikilizio masikioni, na kando yake simu kuukuu ilikuwa ikiongea kwa sauti ya binti huyo.

"Rukaya!" alimaka. Binti hakugeuka. Sebuleni, taa ikawa ya njano, hatua moja kabla ya nyekundu.

Zawena akaurudishia mlango polepole. Simu yake ikacheka, na ile ya ndani ikaitikia. Taa ikarudi kijani.